Nilivyokwama Kwenye Mnara wa Baba Mkwe

Naandika haya uso ukiniwaka, na sina hakika nitayaandika sawasawa (shule yangu ni ya kusoma na kuandika barua tu), lakini haki ni haki: kosa lilikuwa langu.

Nilishuka kutoka Dindira hadi Sindeni, kwa mzee Sekiteke, kusikia neno lake la mwisho kama atanipa binti yake, Mwanahawa. Mzee huyu alikuwa amejenga mnara kwa mikono yake, mawe na udongo, akatunza humo vyungu, mikuki na ngoma za wazee, maana vijana, asema, wameishia kwenye mkonge wa Mjerumani na wanasahau walikotoka. Mlango wake ni tundu la kupita kwa magoti, kichwa mbele, kama ulivyozaliwa.

“Vua koti, mkwe,” akaniambia, akatangulia kuingia. “Hakuna aliyezaliwa na koti.”

Alinionya, sikatai. Sikuvua (shati la ndani lilikuwa limechanika mgongo mzima), nikaingiza kichwa, nikaingiza mabega, koti likanasa kwenye jiwe, nikawa nusu ndani nusu nje, mzee kafungiwa ndani, na nje hakuna mtu ila mama mkwe, ambaye kwa desturi hatutazamani wala hatusemeshani!

“Baba Mwanahawa,” nikamsikia nyuma yangu, “mwambie mkwe wako atoe pumzi.”

“Mkwe, toa pumzi.”

“Mwambie nimetoa.”

“Anasema katoa.”

“Mwambie hajatoa, namwona!”

“Aa, semeshaneni wenyewe!” mzee akafoka. “Mimi si tarishi!”

Mama akajifunika kaniki usoni, akanishika miguu, akasema taratibu, “Legea, mwanangu,” akavuta. Koti likabaki mlangoni, mimi nikatoka, mgongo wazi juani. Nikajua mke sina.

Kumbe mama ni mkunga. “Nimezalisha wengi,” akacheka, “ila mwenye ndevu, tena miguu mbele, ni huyu tu.”

Mzee akachomoza kichwa tunduni. “Umemwita mwanao. Sasa atamwoaje dada yake?”

Nikaanza kuitafuta kwa macho njia ya kurudi Dindira.

“Wa kuzaa ni mwana, wa kuvuta ni mkwe,” mama akajibu. “Huyu nimemvuta. Mpe mke wake.”

Mzee akanipa. Nami nikaingia mnarani kifua wazi, nikaziona ngoma zote, huku mama nje akinishonea shati.

Tangu siku ile kila mlango navua koti kwanza, hata ule wa boma la Mjerumani wanaopita na farasi. Na shati langu silionei haya: mgongoni mwangu kuna uzi wa mama mkwe.