Nahodha Aliyemtukana Mama Yangu

Wiki iliyopita mtu mmoja alijitoa kwenye kundi letu la simu. Ni kundi la timu ya netiboli, sisi wanawake wa ofisi mbalimbali hapa Kitwe tunaocheza Jumamosi asubuhi ili matumbo yasitutangulie. Mwenzetu mmoja aliandika kwamba mfungaji wetu anaruka kama amebeba gunia la makaa. Basi. Mfungaji akajitoa bila kuaga, nahodha akaomba radhi kwa niaba yetu sote, na tukashinda mchana kutwa tukiandikiana maneno matamu matamu. Mimi nikaweka simu chini nikaanza kuwaza Nchelenge, kando ya ziwa la Mweru. Huko nilikokulia, rafiki yangu, mtu asiyetukanwa na wenzake ndiye aliyekuwa na sababu ya kuondoka.

Unajua jinsi ziwa la Mweru linavyofungwa. Kuanzia Desemba samaki huachwa wazae, nyavu hukunjwa na kutundikwa ndani ya nyumba, na wanawake wa sokoni, ambao mwaka mzima hawajui kukaa chini, hubaki ghafla na mikono mitupu. Hata harufu ya mji hubadilika. Badala ya samaki wa kukaushwa na moshi unasikia mvua, majani mabichi na mafuta ya vitumbuwa. Ndipo ligi ya mitaa ilipoanza. Kulikuwa na timu ya wauguzi, timu ya walimu, timu za makanisa zilizoombeana mabaya kimyakimya, na sisi, timu ya soko. Uwanja wetu ulikuwa mchanga mtupu, umepigwa mistari kwa majivu, na kila mvua iliponyesha mistari ilifutika na ugomvi juu ya mpaka ukaanza upya.

Mimi nilikuwa bado shule ya msingi, lakini urefu nilikuwa nao. Mlinzi wetu wa goli alipokwenda kujifungua nikapewa nafasi yake, na hakuna aliyeuliza umri wangu. Nilicheza na watu wazima, nikala nao, nikatukanwa nao. Nahodha wa timu ya soko aliniita mlingoti. "Huyu mutoto musimuache uwanjani na mvua," alisema, "ndege watajenga nyumba juu yake." Nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha kana kwamba nimepewa zawadi.

Nahodha huyo natamani ungemwona. Alikuwa mwanamke mpana, muuzaji wa chisense, wale dagaa wetu wadogo, na sauti yake ilivuka soko zima bila kuchoka. Kibemba ndiyo lugha yake. Kiswahili alikiokota kwa kufanya biashara na watu wa Kongo, akakisema kwa kujiamini kuliko wenyewe. Uwanjani hakuwa na mbio, ila mpira ulimfuata popote aliposimama, na hakuwahi kumwacha mchezaji aliyekosea aondoke ameinamisha kichwa. Alimtukana mpaka acheke. Jirani yetu wa vitumbuwa, aliyecheza pembeni, aliambiwa anakimbia kama ng'ombe mwenye mimba, naye akajibu kwamba afadhali ng'ombe kuliko kiboko aliyekwama matopeni. Baada ya mechi walibebeana vyombo, wakaenda pamoja ufukweni na vyungu vyao, wakapika bukari, ule ugali wetu, na kalembula, majani ya viazi vitamu, wakanywa munkoyo, kinywaji cha mizizi, na kuchambuana upya, mechi nzima, kosa kwa kosa. Mpaka leo sijui watu waliopendana hadharani namna ile.

Mama yangu peke yake hakutaniwa na mtu. Alikuwa amekuja kutoka ng'ambo, Kongo, baada ya mambo kuharibika huko. Alikulia Lubumbashi, kwenye kambi ya wafanyakazi wa migodi, akasoma kwa masista, ambako alijifunza mpira wa kikapu, kwa hiyo kurusha mpira kwenye pete kwake kulikuwa mchezo wa kitoto. Ndiye aliyekuwa akitufungia. Wote walimwita Mama Mugeni. Tukifika ufukweni alipewa kiti, na chakula kikiiva alipakuliwa wa kwanza. Mama alifurahi. Njiani kuja huku alikuwa ameporwa kila kituo, leo sufuria, kesho vitenge, mpaka akafika Nchelenge na mimi na kikapu kimoja. "Hapa banatuheshimu," aliniambia kila Jumapili tukirudi nyumbani, na nilimwona akianza kunenepa.

Mwisho wa msimu mmoja tulialikwa kisiwani Kilwa, hapo hapo ndani ya Mweru, kucheza na wanawake wa huko. Tulikwenda kwa boti ya injini, tumebanana na vyungu na unga, tukiimba, na jirani wa vitumbuwa akitapika ubavuni huku nahodha akimwambia asiwalishe samaki wakati sheria imekataza kuwasumbua. Katikati ya safari nahodha akamgeukia mama, kwa mazungumzo tu.

"Mama, kwenu muko ba clan gani?"

"Mama yangu alisemaka tuko batu ba Samaki," mama akajibu. Kwao mjini ukoo ulikuwa jina tu, kitu cha kuambiwa ukiwa mdogo na kusahau.

Nahodha akapiga yowe, boti ikayumba. "Samaki! Na miye niko Ng'andu, niko Mamba! Kumbe chakula yangu inakaaka hapa siku yote na miye ninakufa na njala!"

Wanawake walicheka mpaka mwendesha boti akatuomba tutulie. Mama alitabasamu kwa adabu, nami pia, bila kuelewa.

Tulishinda ile mechi. Baadaye mama akafungua kopo lake. Alikuwa ameficha ndani yake samaki wakavu tangu kabla ziwa halijafungwa, akawapika kwa nyanya na karanga, taratibu, kwa sababu alitaka siku hiyo yeye ndiye awalishe wenzake. Harufu yake ilituita sote. Alipoepua chungu tu, nahodha akakichukua mikononi mwake, akaenda kukaa nacho kando, akaanza kula kwa mkono.

"Hii ni yangu," alisema mdomo umejaa. "Na kesho nitakukula weye mwenyewe, na mifupa yote."

Wote waliangua kicheko. Mama alibaki amesimama na mwiko. Niliuona uso wake ukijifunga, polepole, kama nilivyouona njiani kila tulipoporwa. "Na hapa tena?" alisema kwa sauti ndogo. Akajifunga kitenge chake, akaenda kukaa ndani ya boti juani, mwenyewe, mpaka tulipoondoka. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyeimba. Nahodha alikaa mbele akitazama maji.

Nyumbani mama akaniambia tunarudi Kongo. "Ziwa ikifunguliwa tunavuka. Afazali baniibie kwetu." Nilijua hatanii. Alianza kuvifua vitu vyetu vyote, hata visivyo vichafu, na mimi nikafikiria shule yangu, goli langu, na ule mji mzima uliokuwa umeniita mlingoti. Nililia nyuma ya nyumba ili asinione.

Aliyetuokoa ni jirani wa vitumbuwa. Alikuja na sahani iliyofunikwa, akakaa chini kwenye majani karibu na beseni la mama, akamsaidia kukamua nguo bila kuombwa.

"Ule hakukuibia," alisema. "Mugeni tunamupatiaka kiti, tunamupatiaka sahani ya kwanza, halafu tunangojea aende. Weye alikuambia ubakie."

Mama akaendelea kusugua. Jirani akamweleza polepole jinsi mambo yalivyo. Mamba anakula samaki, kwa hiyo watu wa koo hizo mbili ni banungwe, watani, tangu enzi za mababu. Mtani wako anaweza kukutukana, kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, nawe huruhusiwi kukasirika. Na siku ukifa, ndugu zako watakaa chini walie, lakini yeye ndiye atakayeshika kazi, akuzike, na awachekeshe wafiwa. "Nahodha alikuwa hana Samaki hata moya mu timu," jirani alisema. "Alikungojea."

Mama akaacha kusugua. "Na miye naweza kukamata kitu yake?"

"Yote."

"Hata bwana yake?"

"Bwana ule?" jirani akasema. "Kamata leo, tutakusaidia kumubeba."

Hapo mama alicheka. Zile nguo zilipokauka alizianua akazirudisha mahali pake.

Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya wauguzi, na ninakuambia bila aibu kwamba walitupiga vibaya. Mama alikuja, akacheza vizuri, hakusemezana na nahodha. Baadaye, kwenye baraza la shule, akafunua chungu kikubwa cha kuku na kumpakulia nahodha wa kwanza: shingo na miguu. Nahodha alipokea kwa mikono miwili, kwa woga, kama mgeni. Akala. Akarudia mchuzi.

"Kuku hii ni tamu, mama. Uliitoa wapi?"

"Kwako."

"Kwangu wapi?"

"Kwako nyumbani. Ule jogoo mwenye kelele. Bwana yako ndiyo alinifungulia mulango."

Nahodha akaweka sahani chini, akasimama na upana wake wote. Kisha akapiga vigelegele ambavyo nadhani Kilwa walivisikia. "Mwizi!" alipiga kelele, akimkumbatia mama mpaka miguu ikaacha sakafu. "Mwizi yangu! Niko na mwizi yangu!" Mama alikuwa analia na kucheka pamoja. Yule jogoo, ilikuja kujulikana, alikuwa wa mama mkwe wa nahodha, na nahodha alipata taabu nyumbani kwa siku nyingi bila ruhusa ya kulalamika.

Tangu hapo hatukuzungumza tena habari ya kuvuka. Waliibiana na kutukanana mpaka wakazeeka, hata magoti yao yalipokataa netiboli. Mmoja akiugua, mwenzake alikuja kumwambia afe haraka kwa sababu anahitaji blanketi lake, kisha akakaa naye akimpikia uji mpaka apone. Nilipokwenda kusoma mbali sikuwahi kuogopa kwamba mama yuko peke yake.

Mwaka juzi nahodha alifariki. Nilisafiri kwenda mazishini, nikamkuta mama yangu akiendesha msiba wote, akiwatuma wanaume maji na kuni. Jeneza lilipotolewa, akasimama katikati ya njia, mwanamke mzee mwembamba, akapanua mikono.

"Kapiteni! Mechi haiyaisha, unatoroka wapi? Muvivu weye! Ulisema utanikula na mifupa yote, sasa nani atanikula? Leo samaki bote ba Mweru banacheka!"

Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Mume wa marehemu alicheka mpaka akashikiliwa. Nilimtazama mama, yule aliyekaa juani ndani ya boti akidhani ameporwa, na sijawahi kumwonea fahari namna ile.

Siku hizi uwanja ule umejengwa maduka. Ligi bado ipo, wasichana wana jezi nzuri na viatu, ila ukiwauliza ukoo wao wengi wanacheka na kusema hawajui. Mama anaheshimiwa mji mzima. Wanampisha njia, wanamwita bibi, hakuna anayethubutu kumwambia neno. Niliwahi kujaribu kumtania kwenye simu, nikamwita mzee mwizi wa kuku. Akanionea huruma. "Wacha, mwanangu," aliniambia. "Ukoo unafuataka mama. Na weye uko Samaki tu, hauko mutani yangu."

Krismasi iliyopita binti wa nahodha alikuja kutoka Lusaka. Yeye ni Mamba kama mama yake. Mama aliposikia anakuja alifagia uwanja wa nyumba mwenyewe, akavaa vizuri, akaacha mlango wa jikoni wazi na kuku wakizurura. Binti akaingia, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kwa heshima, akamkabidhi mama sukari na kitenge kipya. Akauliza hali yake kwa upole, akashukuru kwa yote, akaaga. Mama alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akakaa chini mlangoni, akalia jinsi ambavyo sikumwona akilia hata mazishini. Yule binti hakuchukua kitu.