Anwani Niliyoifuta

Nilipotengeneza tovuti ya wauza samaki wa Mbita, kila muuzaji nilimpa ukurasa wenye anwani fupi inayosomeka: jina la tovuti, kisha mbita, kisha jina lake. Mama mmoja muuza omena alifurahi, akaichora yake kwa rangi mlangoni mwa duka.

Baadaye meneja mpya wa tovuti hiyo aliamuru anwani zote ziwe namba ndefu. Nilimwomba zile za zamani ziendelee kuwafikisha watu kwenye kurasa mpya.

"Hiyo ni kazi bure," akasema. Nikazifuta.

Yule mama akanipigia simu. "Mwanangu, wateja wanaambiwa ukurasa haupo. Si ulisema anwani haitabadilika?"

Nikamdanganya kwamba mtandao una shida. Akanishukuru, na shukrani hiyo inanichoma mpaka leo.