Gemu Lililofunikwa Kanga

Cherehani ya miguu ikikosa mafuta hutoa mlio wake, mwembamba, unaopanda fundi anapokanyaga na kushuka anapolegeza mguu. Juzi nilipita mbele ya fundi mmoja hapa Lindi mjini ninakoishi, nikausikia, nikasimama. Watu walinipita na vikapu vyao vya sokoni, na mimi nimeganda pale kwenye kona nikitabasamu peke yangu. Msinicheke. Kwangu mimi mlio ule una maana moja tu: hapa geuka kushoto.

Nilikulia Kilwa Kivinje, katika nyumba iliyoko mwanzo wa kichochoro. Tulikuwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Zuhura, ambaye alizaliwa haoni. Baba alikuwa mnunuzi wa ufuta na korosho. Msimu ukifika alikwenda Kitomanga na vijiji vya huko, akarudi nguo zikinuka magunia na mfukoni ana peremende, nyingi za Zuhura, chache zangu. Alikuwa mtu mpole, na karibu upole wake wote ulimwangukia mdogo wangu. Zuhura asiende dukani. Zuhura asiende kwa jirani bila mimi. Zuhura akiinuka tu kwenye mkeka, baba alikuwa ameshanyoosha mkono.

Mwaka ninaousimulia ilipatikana nafasi katika shule ya bweni, huko bara, iliyopokea watoto wasioona. Aliyeihangaikia nafasi hiyo ni mdogo wake mama, tuliyemwita mama mdogo Rukia. Mama aliitaka sana. Baba akakataa.

"Shemeji, hapa kwetu kwenyewe kutoka nje hawezi," alimwambia mama mdogo, kwa sauti ya chini kabisa. "Huko ugenini itakuwaje?"

Mama mdogo hakubishana naye. Alikuwa mwalimu wa hesabu na kompyuta katika shule ya sekondari, na wanafunzi walimwogopa, lakini mbele ya shemeji yake alikuwa mtu wa kuitikia na kunyamaza. Shule ile ilikubali kungoja hadi baba arudi kutoka kwenye korosho. Asipokubali hapo, nafasi angepewa mtoto mwingine.

Sasa, mama mdogo alikuwa na laptopu kuukuu ambayo feni yake ilivuma hadi ukadhani inataka kuruka. Humo ndani alijaza programu huria, yaani zile ambazo waliozitunga wamezitoa bure pamoja na maandishi yake yote, kiasi kwamba ukitaka kujua zinafanyaje kazi unafungua unasoma, na ukitaka kuzigeuza unazigeuza. Moja iliigiza mashine za zamani za gemu, zile zilizochomekwa kwenye televisheni. Alasiri akija kwetu nilikuwa naidandia hiyo. Nilirukisha watu juu ya mashimo mpaka vidole vikauma, na Zuhura pembeni yangu akisikiliza vimlio na kuuliza, "Sasa anafanya nini? Ameanguka?" Nilikuwa namjibu mara mbili tatu, kisha nasahau.

Mama mdogo hakusahau. Siku moja alikuja na gemu jingine, la askari anayezunguka ndani ya ngome akitafuta funguo za dhahabu. Lilikuwa baya, nasema kweli, askari mwenyewe anatembea kama amefungwa magoti. Lakini maandishi yake yalikuwa wazi, na mama mdogo alianza kulifumua. Aliondoa ngome. Aliondoa askari. Mahali pake akaweka kichochoro chetu, kuanzia mlangoni kwetu hadi nyumba ya mwisho, ya Bi Somoe, na kila kitu kikawa sauti. Mchezaji alitakiwa kwenda kwa Bi Somoe kuchukua ungo wa mama. Hakukuwa na cha zaidi.

Kazi ya kukusanya sauti ilikuwa yangu na simu yake. Nilivaa ndala nikatembea kwenye mchanga, kisha kwenye saruji ya baraza, kisha kwenye kokoto za chokaa penye ukuta uliobomoka. Nilimnasa fundi Athumani, wa pale kwenye kona, akishona. Akauliza kama atasikika redioni, nikamwambia ndiyo, akashona kwa bidii mno siku hiyo. Nikanasa kuku wa jirani, bomba linalovuja, na mwanamke anayetwanga kisamvu. Nilitaka kunasa na adhana. Mama mdogo akanikatalia, akasema hicho si kitu cha kuchezea.

Spika mbili ndogo zilikaa huku na huku. Cherehani ikisikika upande wa kushoto, ujue unaikaribia kona. Ukigonga ukuta, panalia *ndu*. Kitufe kimoja kilipiga hodi, kwa sauti ya Zuhura mwenyewe, na nyumba ikajibu kwa sauti ya mwenyeji wake. Mama mdogo alilijaribu siku nzima, akafika kwa Bi Somoe, akaingia, akachukua ungo. Akaridhika.

Zuhura alikaa kwenye kibodi kwa mara ya kwanza maishani mwake, na nilishangaa. Hakupapasa. Alikwenda moja kwa moja, akakata kona, akapita bomba, akafika. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili, akangoja. Akapiga ya tatu, akangoja tena, kisha akageuka, akaanza kurudi nyumbani.

"Unakwenda wapi?" mama mdogo akauliza.

"Hayupo."

"Ingia tu, Zuhura. Mlango uko wazi."

"Niingie nyumba ya watu sijakaribishwa?"

Mama mdogo alicheka, akaacha kucheka. Siku tuliyozunguka na simu Bi Somoe alikuwa msibani Songo Mnara, kwa hiyo nyumba yake haikuwa na jibu lolote. Yeye mama mdogo alikuwa akiingia kila mara bila kungoja, kwa sababu ni yeye aliyeuacha mlango wazi. Tulimsihi Zuhura ajaribu tena. Alijaribu, na kila mara alipiga hodi zake tatu na kurudi. Alikuwa amefundishwa hivyo, na mashine haikuwa sababu ya kukosa adabu.

Kwa gemu la dukani tungeishia hapo. Kwa hili, mama mdogo alinituma nikainase sauti ya Bi Somoe, aliyekuwa amesharudi, na yeye akafungua maandishi, akaandika kwamba mlango usifunguke kabla ya kuitikiwa. Kisha akawapelekea mabadiliko yale wenye gemu lao, watu wa nchi za mbali ambao hatujawaona hadi leo. Mmoja akamwandikia kuuliza kwa nini mtu angoje nje ya mlango usiofungwa. Mama mdogo akamweleza. Wakayakubali, wakayaweka katika gemu lao, na wakamshukuru. Nilimwona mama mdogo akiisoma ile shukrani na kuisoma tena, na nilijivuna kana kwamba mimi ndiye niliyeandikiwa.

Baba akarudi kutoka kwenye korosho. Alikoga, akala, akapewa kahawa. Mama mdogo akaiweka laptopu mbele yake.

"Shemeji, mama Zuhura anataka ungo wake kwa Bi Somoe. Hebu mfuatie."

Baba akacheka, akauliza ndiyo mambo ya watoto hayo. Mama mdogo akavua kanga aliyojitanda, akaifunika skrini yote. Baba akatazama ile kanga, akamtazama na shemeji yake, akaweka kidole kwenye kitufe.

*Ndu.* Akarudi nyuma. *Ndu* tena. Akaipita cherehani bila kukata kona, akaingia katika kuku, akazunguka humo. Mtaa aliozaliwa, jamani. Mimi nilijiziba mdomo kwa ushungi. Alipofika mahali ambapo hapasikiki kitu ila hatua zake mwenyewe, aliacha kubonyeza. Nilimwona akigeuza kichwa huku na huku, kwenye spika hii na ile, na uso wake haukuwa tena wa mtu anayecheza. Nami sikutaka tena kucheka.

"Baba, umepita fundi Athumani," Zuhura alisema kutoka kwenye mkeka. "Rudi kidogo. Bomba likiwa kulia kwako, nyoosha."

Hakurudi. Nadhani hakujua nyuma ni wapi. Basi Zuhura akainuka, na kwa mara ya kwanza baba hakunyoosha mkono. Alikuja, akakalia ukingo wa kiti, akaweka vidole vyake vidogo juu ya vidole vya baba, akambonyezea. Cherehani. Kona. Bomba. Saruji ya baraza. Hodi, mara moja tu, na Bi Somoe akaitika kwa sauti yake nzito, "Karibu, mwanangu, pita."

Baba akainywa kahawa yake iliyokwisha poa. Kisha akamuuliza mama mdogo, bila kumtazama, "Hiyo shule, sare zao rangi gani?"

Zuhura aliondoka mwaka mpya ulipoingia, na leo ni mwalimu. Mimi kwa miaka mingi niliwasimulia watu kwamba mama yangu mdogo alimtengenezea mdogo wangu gemu ili naye acheze kama sisi. Nilikuwa mtu mzima tayari, nimekaa jikoni kwa mama mdogo tukichambua mchele, nilipoisimulia tena hivyo mbele yake. Akapeta ungo wake, akapuliza pumba.

"Zuhura? Zuhura alikuwa anakijua kichochoro kile tangu hajaota meno," akasema. "Gemu lile nilimtengenezea baba yako."