Jeneza la Kuvuka Barabara

Kule machimboni, upande wa Ushirombo, mtu hakuulizwa anapenda timu gani. Aliulizwa kapanga wapi. Chini ya barabara, kwenye maduara ya kuchimbia dhahabu na vibanda vya maturubai, tulikuwa wekundu. Juu ya barabara, kwenye maduka na nyumba za wenye pampu za kunyonya maji mashimoni, walikuwa njano. Kaka yangu aliondoka kwetu Songwa akiwa njano damu, kama baba. Mwenye nyumba wa chini akaiangalia fulana yake, akamwambia vyumba vimejaa. Kesho yake alirudi na nyekundu, akapewa ufunguo. Nilipomfuata kuja kupika na kuuza chakula, nami nikavaa nyekundu. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.

Chuki ile haikuwa ya mpira hata kidogo. Watu wa juu walitukodisha pampu kwa bei wanayotaka, halafu wakatuita panya wa shimoni. Siku ya mechi ya watani ndiyo pekee tuliyokuwa na mdomo. Timu yetu ikishinda tulivusha jeneza, boksi la mbao lililofungwa kitambaa cha njano, tukajipaka matope usoni na kugaragara mbele ya maduka yao tukilia, "Jamani, tumefiwa!" Wakishinda wao, waliteremka kwetu na jeneza lao jekundu.

Siku hiyo tulishinda mbili bila. Kaka hakuangalia mechi. Alikuwa chini anamalizia zamu na wenzake wawili. Jeneza halijainuliwa bado, maji yakafumuka ndani ya duara. Wenzake walivutwa kwa kamba. Yeye alikuwa mbele zaidi, na kifusi kikamfungia njia. Tulimsikia akigonga bomba la hewa. Pampu yetu ndogo ilikohoa, ikazima. Pampu kubwa ilikuwa juu ya barabara.

Tukakimbia. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa mbele akipiga yowe la Kisukuma, "Mayu wane! Mayu wane!", mama yangu, na sisi nyuma yake, fulana nyekundu, matope mpaka kwenye nywele. Maduka yakafungwa moja baada ya jingine. Mtu akafungulia muziki kwenye spika ili asitusikie. Nikaligonga geti la mwenye pampu kwa ngumi zote mbili.

"Tusaidieni pampu! Kaka yangu yuko shimoni!"

"Kazikeni hukohuko kwenu," mlinzi akajibu kwa ndani.

"Jeneza mmesahau leo?" akadakia mwingine, wakacheka.

Wifi akaanguka, akagaragara kwenye vumbi. Waliokuwa barazani wakampigia makofi. Mpaka leo nikisikia makofi kanisani natoka nje.

Mama mmoja wa duka la vitenge ndiye aliyesogea, akamwinua wifi na kumtazama usoni. Akageuka akawafokea wanaume wale wafungue geti. Pampu ikavutwa na trekta. Tulipofika duarani, wachimbaji walikuwa wamekaa chini. Bomba lilikuwa kimya, na hakuna aliyetaka kuniangalia.

Kwenye begi la kaka tulikuta ile fulana ya njano, imekunjwa vizuri. Ndiyo tuliyomvalisha alipotolewa, na hakuna mtu wa chini aliyethubutu kusema neno.

Watu wa juu walikuja msibani wengi, na mchele na sukari. Niliwachukia wote, hata yule mama wa vitenge. Mlinzi wa geti akapiga magoti mbele ya wifi.

"Pole, mama. Mtusamehe. Tulijua ni mambo ya mpira. Laiti mngetuita vingine."

Wifi alikuwa mkekani, miguu ameinyoosha.

"Tuliwalilia, baba," akasema. "Hatuna kilio kingine."