Nyundo ya Kigong'ota

Baba yangu alikuwa akigonga nguzo. Hiyo ndiyo kazi iliyotulisha na kutusomesha. Kabla fundi wa umeme hajapanda nguzo ya mti, baba alikuwa akiigonga kwa nyundo kuanzia chini hadi mkono unapofika, akisikiliza. Nguzo nzima hulia kwa ukali. Iliyooza ndani hutoa sauti ya debe lililofunikwa blanketi. Ikiwa nzima, alichora alama ya chaki, na fundi alipanda bila kuuliza. Wenzake walimbandika jina la Kigong'ota, yule ndege mdogo wa huku kwenye baridi, mwenye mgongo wa kijani na kisogo chekundu, anayeshinda akigonga miti kutafuta wadudu. Baba alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na mama yake.

Fundi anayepanda ni mume wangu.

Basi utaelewa kwa nini mwaka ule roho yangu ilikuwa juu juu. Baba alianza kuongeza sauti ya redio mpaka jirani akawa hana haja ya kuwasha yake. Birika lilipiga mluzi hadi likakauka, naye amekaa pembeni. Nikimwita kwa nyuma, kimya. Nilipomwambia akapimwe masikio alikuja juu, akasema tatizo ni sisi tunaonong'ona kama wezi. Hata ndege hawagongi siku hizi, akaongeza. Miti imekatwa, vigong'ota wamehama.

Nikamgeukia mume wangu, nikamsihi agonge mwenyewe kabla ya kupanda. Akakataa katakata. Kuirudia nguzo aliyokwisha kuigonga baba mkwe, mbele ya wenzao wote, ni kumvua mzee nguo. Nikamuuliza kama hiyo heshima ndiyo itakayomlea mtoto wetu. Akacheka, akachukua mkanda wake wa kupandia, akatoka. Mimi ni fundi cherehani, na nakuambia kweli, zipo suruali zilizotoka mikononi mwangu na mfuko mmoja kwa sababu ya hofu ile.

Siku yenyewe baba aligonga nguzo ya nyuma ya zahanati, akachora chaki, akarudi garini kunywa chai. Mume wangu akafunga mkanda, akapanda. Alikuwa amefika katikati baba alipowaona wenzake wameinua nyuso, wanacheka na kumwonyesha juu kwa kidole. Walikuwa wanamtania kwamba mwenzake amekuja kukagua kazi. Naye akainua macho. Juu kabisa ya nguzo alikuwa ametua kigong'ota, kisogo chekundu kinakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, anagonga kwa bidii zake zote. Baba hakusikia kitu.

Kikombe kikamtoka mkononi.

"Shuka," alisema. Kisha kwa nguvu: "Shuka, mwanangu. Sisikii."

Mume wangu alishuka polepole, akiogopa hata kupumua. Msimamizi akachukua nyundo, akaigonga ile nguzo mwenyewe, na kila mtu akasikia blanketi. Wakaifunga kamba, wakaivuta. Ilikatika usawa wa ardhi. Ndani ilikuwa unga mtupu.

Jioni walirudi pamoja. Baba aliweka nyundo mezani, akaisukuma mbele ya mkwewe, na mume wangu akaipokea kwa mikono miwili. Mimi maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni, ya kuwalaumu wote wawili. Nikaiona mikono ya baba bado ina vumbi la chaki, nikayameza.

"Kumbe hawajahama," baba akasema.

Mume wangu akasogeza kiti, akakaa pale ambapo baba angeuona mdomo wake. "Hawajahama, baba. Kuna mmoja hapo nyuma ya jikoni. Hugonga kila asubuhi."

Baba aliutazama mlango wa jikoni. Halafu akanigeukia.

"Kesho niamshe," akasema. "Nikamtazame."