Chumba Nilichomwonyesha Bibi

Kabla ya kuongoza watalii nililinda geti la ghala moja Jebel Ali, Dubai, kwa miaka mitatu. Kazi ilikuwa kuandika namba za malori yaingiayo na yatokayo. Kati ya lori moja na jingine nilijifunza Kiarabu kwa madereva, na historia kwenye simu. Hakuna aliyenifundisha. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hajui elimu yake inaishia wapi, kwa kuwa hajawahi kusahihishwa, na mimi nilikuwa naogopa siku ya kusahihishwa kuliko nilivyoogopa kufukuzwa kazi. Nikiulizwa jambo nisilolijua, mdomo ulijibu kabla sijauruhusu.

Ofisi ndogo ya safari huko Deira ilitafuta kijana wa kuongoza kwa Kiswahili safari ya basi ya siku nne kwenda Omani na kurudi: miji ya kale, milima, kisha jangwa. Wateja wake wengi walikuwa wazee wa Kizanzibari wanaoishi Dubai. Madam wa ofisi, Mkenya mwenzangu, alinijaribu kwa safari moja. Nikaandaa jedwali la kurasa kumi na nne. Ngome ya Bahla dakika hamsini. Soko la Nizwa saa moja na robo. Choo cha kituo cha mafuta, dakika kumi na mbili.

Tuliondoka Al Ras saa kumi na mbili asubuhi, wapagazi wakiwa wameshaanza kusukuma mikokoteni ya viungo. Abiria walikuwa kumi na mmoja, watatu kati yao wanaume wa Mombasa waliokuja Dubai kununua bidhaa na wakaamua kutembea. Dereva alikuwa Mwomani wa makamo, mpole, aliyezungumza Kiswahili alichokirithi kwa mama yake. Alipoona jedwali langu aliniita Ustadhi, na jina likanibaki safari nzima.

Kiti cha mbele alikaa Bibi, pamoja na binti yake. Alikuwa na zaidi ya miaka themanini, amezaliwa Unguja, amekaa Dubai tangu ujana wake, na mapajani alipakata chupa ya chai ambayo hakuruhusu mtu kumshikia. Hatujafika Al Ain alinihoji.

"Wewe mtu wa wapi, baba?"

"Nakuru, Bibi."

"Ndo maana. Kiswahili chako kama kimekanyagwa na lori."

Basi zima lilicheka. Nami nikacheka, kisha nikaandika kwenye simu maneno matatu niliyohisi nimeyakosea.

Tulipovuka mpaka akanieleza kilichompandisha basi. Baba yake alizaliwa katika kijiji kimoja chini ya milima, juu kidogo ya Nizwa. Akiwa mtoto alichukuliwa na ami yake kwenda Unguja, na mama yake akabaki. Mama na mwana hawakuonana tena. Bibi alipozaliwa alipewa jina la yule nyanya aliyebaki kijijini, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuiona nyumba yake. Alitaka kuingia ndani yake na kumsomea Fatiha humo, mara moja tu, maana magoti yake yalikuwa yameshamwambia kwamba hakutakuwa na safari nyingine. Aliuliza kama nakijua kijiji.

Nilisema nakijua. Nilikuwa nimekisoma, na nilikipa dakika arobaini.

Tulifika siku ya pili kabla ya adhuhuri. Kijiji kina sehemu mbili. Juu kuna mtaa wa zamani wa udongo uliohamwa, kuta zimesimama bila paa. Chini, kandokando ya mfereji wa maji, kuna nyumba za saruji zinazokaliwa. Mwanamume mmoja wa makamo alitoka barazani kwake, akatusalimu mmoja mmoja, akatuonyesha mlango wa sebule yake ya wageni. Kahawa ilikuwa tayari. Nikatazama saa.

"Tukae kwanza," Bibi aliniambia. "Mtu haulizwi wima."

"Bibi, tuna dakika arobaini."

Nikamuuliza yule mwenyeji palepale barabarani, kwa Kiarabu changu cha getini, ziko wapi nyumba za ukoo wa baba yake Bibi. Alinitazama kidogo. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mtaa wa juu, akasema watu wa zamani walikaa kule. Leo naelewa alichofanya. Aulizaye amesimama ameuliza njia, na hujibiwa njia. Habari za watu hutolewa kwa aliyekaa, akala tende, akanywa, akaulizwa ya kwao kwanza. Nilikuwa nimesoma kuhusu desturi hiyo. Ilikuwa ukurasa wa tisa wa jedwali, chini ya kichwa "Mambo ya kuvutia".

Tulimpandisha Bibi taratibu, binti yake upande mmoja, mimi upande mwingine. Juu kulikuwa na magofu labda thelathini. Alisimama, akavuta pumzi, akauliza, "Ipi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema sijui. Neno lenyewe ni fupi. Badala yake nikachagua gofu lililosimama vizuri kuliko mengine, lenye chumba ambacho sakafu yake ina vijifereji vilivyopangwa sambamba, vikishukia shimo dogo kwenye kona. Nikasema, "Hii, Bibi." Na kwa kuwa uongo mtupu ulinitia hofu, niliupamba. Nikamwambia vijifereji vile vilikuwa vya kupitisha maji, na kwamba bila shaka hapo ndipo nyanya yake alipokuwa akitawadha.

Bibi alivua viatu. Akaingia, akasoma Fatiha kwa sauti ndogo, akaweka kiganja ukutani, akakaa hivyo. Binti yake alilia. Dereva alisimama nje, akitazama milima. Tulirudi kwenye basi dakika mbili kabla ya muda, na ninakiri kwamba nilifurahi kwa ajili ya zile dakika mbili.

Siku ya tatu tulishuka kuelekea jangwani. Panapoishia lami, kila gari hupunguzwa upepo kwenye matairi ili lisizame mchangani, na wakati magari yaliyokuja kutuchukua yakipunguzwa, dereva aliniita pembeni. Alizungumza bila ubaya wowote, kama mtu anayekuambia kamba ya kiatu imefunguka. Alisema chumba kile hakikuwa cha kutawadhia. Kilikuwa stoo ya tende. Magunia hupangwa juu ya vile vijifereji, yakalaliana, na uzito wake ukakamua asali ya tende ikatiririka hadi kwenye mtungi uliowekwa shimoni. Kila mtoto wa kwao anakijua. Hakuna aliyewahi kulala mle ila panya.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Kiongozi ni wewe, Ustadhi," akajibu, akaendelea na matairi.

Jioni ile niliwapiga watu picha juu ya vilima vya mchanga. Nilieleza upepo unavyovijenga, na maelezo yalikuwa sahihi, nilikuwa nimeyahakiki mara nne. Bibi alibaki kwenye kiti cha plastiki chini, akiwasimulia wenzake juu ya mahali nyanya yake alipotawadhia. Alisimulia vizuri kuliko mimi. Alikuwa ameshaongeza birika la shaba.

Nilihesabu njia zangu. Nikinyamaza, angerudi Dubai akiwa ameridhika, na hakuna ambaye angejua ila dereva. Nikisema, ningemnyang'anya kitu na nisiwe na cha kumrudishia. Nilijiambia kwamba kunyamaza ni huruma. Lakini sikuweza kujidanganya vizuri kama nilivyomdanganya yeye. Nilichokuwa nalinda ni kurasa zangu kumi na nne.

Asubuhi, akiwa anamimina chai, nilichuchumaa mbele yake nikamwambia. Nilisema kile chumba ni stoo ya tende, kwamba nyumba ya nyanya yake siijui, na kwamba nilijua siijui wakati naionyesha.

Alimaliza kumimina. Alifunga chupa.

"Kwa hiyo nimesomea magunia."

"Fatiha haipotei, mama," binti yake akasema.

"Najua haipotei. Lakini sikuiagiza kwa magunia." Akanigeukia. Sauti haikupanda. "Nilikwambia tukae. Sasa nirudishe."

Kumrudisha kulimaanisha kuliacha lile bonde lenye mabwawa ya kuogelea, ambalo lilikuwa kwenye tangazo la safari, na kuwafikisha wote Dubai wamechelewa. Nilisimama mbele ya kifungua kinywa nikawaeleza kumi waliobaki sababu, bila kuipunguza. Ilikuwa aibu, na ilipita. Mmoja wa wale wa Mombasa, aliyekuwa amevaa kaptula ya kuogelea tangu alfajiri, aliweka kikombe chake chini.

"Maji hata kwetu Mtwapa yako," akasema. "Mpeleke nyanya. Lakini wewe Ustadhi, usitueleze kitu tena mpaka tufike."

Tulifika kijijini baada ya adhuhuri. Safari hii tulivua viatu, tukakaa chini sote, wanaume ndani ya sebule, wanawake karibu na mlango, wakikaribishwa humo kwa heshima ya umri wa Bibi. Zikaja tende, ikaja kahawa. Mwenyeji aliuliza habari za njia, za Dubai, za afya, za mvua. Kikombe kilijazwa tena na tena hadi kila mtu alipokitikisa kuonyesha ametosheka. Sikumtafsiria mtu chochote. Bibi alikuwa na Kiarabu cha baba yake, kikuukuu lakini kizima, na alipoona wakati umefika akataja ukoo, kisha jina la baba yake, kisha jina lake mwenyewe.

Mwenyeji aliweka birika chini. Akaita kuelekea ndani. Akatoka shangazi yake, mwanamke mkongwe kama Bibi, mwenye barakoa ya kizamani, ile ya kufunika uso ya wanawake wa Kiomani, akamwomba Bibi arudie jina. Alirudia. Yule shangazi akamwambia kwamba mtoto aliyepelekwa Unguja alikuwa bado akitajwa alipokuwa yeye binti, na nyumba ilikuwa palepale chini, haikuwahi kuhamwa. Ni ile ya tatu kutoka hapo, kandokando ya mfereji, yenye kiyoyozi kibovu na tangi la maji la buluu. Siku mbili zilizopita tulikuwa tumeipita tukiharakia magofu.

Walimshika mkono wakampeleka, binti yake nyuma yao. Nilinyanyuka kuwafuata, na mwenyeji akanigusa goti, nikakaa. Upande ule ulikuwa wa wanawake. Kwa hiyo siwezi kueleza nyumba ile ina vyumba vingapi, wala sakafu yake ikoje. Niliona mlango wa chuma wa kijani ukifunguliwa na kufungwa.

Walikaa zaidi ya saa moja na nusu. Wenzangu walisali alasiri, wengine wakasinzia. Yule wa Mombasa alinyweshwa kahawa mpaka akaomba msamaha.

Bibi alitoka akitembea taratibu, vidole vikinuka mafuta ya karafuu, ushungi umefungwa upya kwa namna nyingine. Chupa ya chai aliibeba binti yake. Nilimkaribia kumsaidia kupanda ngazi ya basi na, kwa ile tabia yangu, nikamuuliza ameona nini humo ndani, kama ilikuwa kama alivyotarajia.

"Ya mle ndani ni ya kwetu, baba," akasema, akiegemea mkono wangu kwa uzito wake wote. "Wewe hesabu watu, tuondoke."

Nikahesabu. Walikuwa kumi na mmoja.