Kabichi ya Dakika Arobaini

Kama unataka kumwambia Winifred Oldroyd kwamba Waingereza hawajui kupika, basi simama mbali kidogo. Maneno hayo ameyasikia maisha yake yote: kwenye redio, kwenye televisheni, na kwa shemeji yake aliyehamia Uhispania, ambaye kila akija likizo hujifanya hajapata kuona kiazi cha kuchemsha. Na huyo anayeambiwa hivyo alipika jikoni mwa shule pale Batley, mji wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, miaka ishirini na sita, watoto mia mbili kwa siku, na sahani zikirudi hazina hata punje. Lakini maneno ya watu baki yaliingia sikio hili yakatokea lile. Yaliyomkera ni ya mtoto wake wa kumzaa.

Gillian, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa huko kusini na Rupert, mwanamume anayesoma vitabu vya mapishi kitandani. Mwezi wa Oktoba alipiga simu akasema wazi: "Mama, Krismasi mwaka huu tuile kwetu. Rupert anataka kupika." Winifred aliona kama anafukuzwa kwenye nyumba yake. Krismasi ya familia ilikuwa ikiliwa mezani kwake tangu mwaka 1958, na tangu Clifford, mumewe, afariki, siku hiyo ndiyo ilikuwa imebaki. Waliburuzana kwenye simu hadi wakaafikiana: Gillian na Rupert waje chakula cha mchana Jumapili moja ya Novemba, ndipo waamue Krismasi iliwe wapi. Mtihani, basi. Mwanamke wa miaka sabini na mitano anafanyishwa mtihani wa kupika.

Jumapili hiyo nyama ya ng'ombe iliingia kwenye oveni saa tatu asubuhi. Chakula kilikuwa cha saa sita na nusu, na kabichi aliibandika motoni ilipotimia saa sita kasoro dakika kumi. Dakika arobaini, kama siku zote.

Dakika hizo zina kisa chake, nacho alikijua yeye tu. Clifford alipotimiza miaka ishirini na mmoja, wazazi wake walimpa zawadi waliyopewa vijana wengi wa viwanda vya sufu enzi hizo: walimpeleka akang'olewa meno yote, mabovu na mazima, yasije yakamsumbua ukubwani. Zawadi! Meno ya bandia aliyovalishwa yalimchubua fizi hadi anaingia kaburini. Siku ya harusi yao alimwapisha mkewe kwamba watoto wasijue kamwe. Alikuwa mtu wa haya sana. Hata hospitalini, siku zake za mwisho, Gillian akiingia alijifunika mdomo kwa leso.

Basi Winifred akawa anaupikia mdomo ule. Karoti aliziponda. Nyama aliipika hadi uzi unamwacha mwenzake. Kabichi aliichemsha hadi ikalala chini ya sufuria kama nguo iliyoloweshwa. Alifanya hivyo miaka arobaini na saba, na Clifford alipokufa, miaka sita iliyopita, yeye akaendelea vilevile. Kupika namna nyingine kungekuwa kama kukunja nguo zake na kuzigawa.

Kwanza alileta pudingi, zile za kuoka zisizo na sukari, za unga na mayai na maziwa, zimefura hadi zimepita kingo za chombo, na mchuzi mzito juu yake.

Rupert alichungulia sahani. "Nyama iko wapi?"

"Nyama inakuja. Kwanza unakula pudingi na mchuzi. Hapa ni Yorkshire, baba, si kwenu."

Rupert alikula mbili, akaomba ya tatu, akapangusa mchuzi wote. Winifred akaanza kupumua. Alikwishaiona Krismasi imekaa mezani pake, na kila mtu kwenye kiti chake.

Ndipo alipoleta nyama na mboga. Rupert alichota kabichi kwa uma, ikateleza ikarudi sahanini. Akachota tena, ikateleza tena.

"Aisee, Winifred," alisema akicheka, "kabichi hii anaiweza hata kibogoyo!"

Gillian naye alicheka, kwa chini, huku akitazama pembeni.

Damu ilimpanda Winifred hadi masikioni. Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi, yote, na tarehe zake. Aliyasukuma chini kwa maji ya glasi nzima.

"Kula viazi," alisema.

Baada ya chakula Rupert alilala kwenye kochi, mama na binti wakabaki jikoni, mmoja anaosha, mwingine anafuta.

"Usimkasirikie Rupert, Mama. Anatania tu."

"Nani kakasirika?"

"Hiyo sahani umeisugua mara tatu."

Winifred aliiweka sahani kwa kishindo.

"Lakini Mama, tusidanganyane," Gillian aliendelea. "Hata baba alikuwa anavumilia tu, maskini. Miaka yote ile, na hakusema neno."

Kuvumilia! Winifred alishika ukingo wa sinki. Alimchukia Gillian kwa dakika hiyo, akamchukia na Clifford pamoja na haya zake, na wazazi wa Clifford waliooza zamani, na kiapo chao cha kipumbavu.

"Baba yako aliomba aongezewe," alisema. "Kila siku."

"Kwa sababu alikuwa mtu mwema."

Winifred aliinamia sinki tena. Gillian alimtazama mgongo, akaona haya, akachukua nusu ya kabichi iliyokuwa imebaki kapuni. Aliikatakata vyembamba, akatia siagi kikaangoni na pilipili manga kidogo. Dakika nne tu, akaepua.

"Sikutakii mabaya, Mama. Onja. Ukikubali kubadilisha hiki kimoja tu, Krismasi itabaki hapa. Rupert niachie mimi."

Winifred alionja. Kabichi ililia kati ya meno yake, na siagi ilikuwa imeingia hadi ndani. Ilikuwa tamu, tamu ya kuudhi. Ndivyo alivyoipika yeye mwenyewe alipokuwa msichana, kabla hajaolewa, na baba yake alikuwa akilamba vidole. Alitafuna taratibu. Akisema ni tamu, binti yake atauliza: kumbe unajua, sasa kwa nini miaka yote ile?

Gillian alikuwa amesimama na kikaango mkononi, uso umejaa matumaini. "Enhe? Unaonaje?"

Winifred alimeza.

"Mbichi," alisema. "Krismasi pikeni kwenu."